Subira Haizuii Kudai Haki



Ndugu wasomaji, sisi watu wa mwambao tumelelewa kuchukia magomvi. Mtu akinunua kitu kikamdhuru, hukitupa, humshukuru Mola kwa kumwepusha na kubwa zaidi, na mambo yakaishia hapo. Tabia hiyo ina uzuri wake, lakini katika nchi hii ya Uingereza, ambamo wengi wetu tunalea wana na wajukuu, naona inatuponza.

Mwaka jana bibi mmoja wa mtaani kwetu, ambaye kwangu ni kama mdogo wangu, alinunua krimu ya kung'arisha uso katika duka dogo. Kopo lake halikuwa na jina la mtengenezaji wala orodha ya vilivyomo. Baada ya wiki chache uso ulimwasha, ngozi ikababuka, ikambidi aende kwa daktari. Nilipomwuliza kama amewaarifu wahusika, alinijibu: "Mwalimu, yamekwisha pita, na mwenye duka ni mtu wetu. Nitaonekana mbaya." Kopo alikwisha litupa, na risiti hakupewa. Duka likaendelea kuuza.

Krimu za namna hii, jamaa zake mkorogo tunaoujua tangu nyumbani, si suala la urembo peke yake. Baadhi yake hutiwa zebaki, hidrokwinoni au steroidi kali. Sheria ya hapa imepiga marufuku zebaki na hidrokwinoni katika krimu za kung'arisha ngozi, na steroidi kali hazitolewi ila kwa cheti cha daktari. Zebaki huharibu figo, wala madhara yake hayaishii kwa aliyejipaka. Huweza kumfikia hata mtoto anayepakatwa.

Yafaa basi tumkumbuke mwanamke mmoja ambaye hakunyamaza. Tarehe 26 Agosti 1928, katika mji wa Paisley, Uskoti, May Donoghue aliketi mkahawani na rafiki yake. Rafiki akamnunulia soda ya tangawizi, katika chupa nyeusi isiyoonyesha kilichomo. Alikwisha kunywa kiasi. Iliyobaki ilipomiminwa, alieleza, akatoka konokono aliyeoza. Akaugua tumbo. Kwa kuwa chupa hakuinunua yeye, hakuwa na mkataba na muuzaji wala na mtengenezaji, na kwa sheria ya siku zile mlango ulikuwa kama umefungwa. Hata hivyo alimshitaki mtengenezaji, David Stevenson, ingawa alikuwa fukara kiasi cha kulazimika kuuthibitisha ufukara wake ili rufaa yake isikilizwe bila ya kuweka dhamana ya gharama.

Tarehe 26 Mei 1932 Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya juu wakati ule, liliamua kwa watu watatu dhidi ya wawili kwamba mtengenezaji ana wajibu wa kumhadhari mtumiaji wa mwisho, hata kama hawajuani. Lodi Atkin aliujenga wajibu huo juu ya neno jirani: yule ambaye kitendo changu chaweza kumdhuru, ndiye jirani yangu mbele ya sheria.

Neno hilo si geni kwetu. Mtume (S.A.W.) alipotia mkono katika lundo la chakula sokoni akakuta chini kimelowa, alimtaka muuzaji akiweke kilicholowa juu watu wakione, akaonya kwamba mwenye kughushi si katika sisi. Hakumwachia mnunuzi ajitambulie mwenyewe.

Leo njia ni nyepesi kuliko ile ya Bibi Donoghue. Kwa Sheria ya Kumlinda Mnunuzi ya mwaka 1987, aliyeumizwa na bidhaa halazimiki kuthibitisha uzembe. Yatosha athibitishe kuwa bidhaa ilikuwa na kasoro na kwamba kasoro hiyo ndiyo iliyomdhuru. Aweza kumdai mtengenezaji, au aliyeiingiza bidhaa nchini. Na muuzaji akishindwa kumtaja aliyemwuzia, aweza kudaiwa yeye. Kwa kawaida muda wa kufungua madai ni miaka mitatu.

Lakini haki haisimami bila ya ushahidi. Dai risiti. Usilitupe kopo, lifunge na uliweke mbali na watoto. Piga picha ya jeraha, mwonyeshe daktari na umtajie ulichojipaka. Kisha iarifu idara ya halmashauri inayosimamia biashara, iitwayo Trading Standards, ambayo yaweza kuiondoa bidhaa dukani, na utafute ushauri wa mwanasheria mapema.

Ama hoja ya kwamba mwenye duka ni mtu wetu, jibu lake ni kuwa wanunuzi wake nao ni watu wetu. Tumefundishwa kumsaidia ndugu hata akiwa dhalimu, na msaada wake ni kumzuia asidhulumu. Subira ni kwa lililokwisha kutufika. La kumfika jirani kesho, tunao wajibu wa kulizuia leo. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Wabillahi tawfiq.