Kibaka mwenye jina

Leo nina neno kuhusu filamu ya vibaka.

Sisi waandishi wa magazeti tuna sentensi tunayoijua kwa moyo: kijana ambaye jina lake halikufahamika mara moja ameuawa na wananchi wenye hasira kali. Habari inabanwa pembeni mwa ukurasa, na kesho yake gazeti linafungia vitumbua. Basi, kaisha huyo.

Sasa tafuteni Nairobi Half Life, filamu ya mwaka 2012 iliyoongozwa na David 'Tosh' Gitonga. Humo kijana asiyefahamika ana jina, anaitwa Mwas. Kijijini kwao anauza DVD za mapigano, na ili ununue anakuigizia kabisa, risasi na mateke. Ndoto yake ni kuwa mwigizaji. Anaingia Nairobi, siku ya kwanza tu anaporwa kila kitu na kuishia mahabusu. Huko anakutana na Oti, mwenye genge la kuchomoa taa na vioo vya magari. Mwas anajiunga nao, huku akifanya mazoezi ya tamthilia. Mwisho sisemi, kaangalieni wenyewe.

Mtu wa Dar hapo huwezi kukaa kimya. Pita Kariakoo uangalie magari yaliyoegeshwa: namba ya gari imechorwa kwenye vioo, kwenye taa, kila mahali. Tunawachorea akina Oti. Na ukiibiwa sait mira, rafiki zako watakuambia kwa utani, "Kaitafute Gerezani." Tunacheka. Lakini kibaka haibi kioo akajitazame. Anaiba kwa sababu kuna mnunuzi, na mnunuzi huyo hafukuzwi barabarani na mtu yeyote.

Filamu yenyewe haikuwa na hela nyingi. Ni ya Kenya na Ujerumani: Ginger Ink ya Nairobi pamoja na One Fine Day Films ya Tom Tykwer, yule Mjerumani wa Run Lola Run (1998). Huko Ulaya filamu ndogo za uhalifu hutengenezwa hivyo mara nyingi, nchi mbili tatu zinachangishana. Hapa wataalamu wa nje walikuja kufundisha, na vijana wetu wakashika kazi.

Najua kuna watakaosema mzungu akitoa hela anataka kuona shida zetu tu. Hoja hiyo ina uzito. Lakini hawa wanaongea Kiswahili, Sheng na Kikuyu, na hakuna mzungu anayekuja kumwokoa Mwas. Joseph Wairimu, aliyemwigiza, alishinda tuzo ya mwigizaji bora tamasha la Durban mwaka huo huo. Kenya nayo ikaipeleka kugombea Oscar, filamu yake ya kwanza kufika huko, ingawa haikuteuliwa.

Kinachoniuma ni kingine. Kwa nini hela ya kumuuliza kibaka jina lake ilibidi itoke Ulaya? Wino wa kuandika "halikufahamika" tunao wenyewe, tena wa kutosha.

Siku moja utakuwa Feri unasubiri pantoni, mtu atapiga kelele, "Mwizi!" Wote watatimua mbio, na wengi hawatajua hata kilichoibwa. Wewe, ndugu msomaji, ukikimbia nao, utakuwa unakimbilia nini?