Harusi Imekwisha, Deni Je?



Leo najisema mwenyewe. Nilipomuoza kijana wangu, ukumbi ulipambwa ukapambika: vitambaa, maua, taa, jukwaa la maharusi. Wiki ya pili, mpambaji akanisubiri mlangoni mwa msikiti baada ya Alasiri, akadai haki yake mbele ya maamuma wangu. Nami nilikuwa nimetoka kuwasomesha darsa la kulipa madeni!

Ndugu yangu unayepanga harusi, anza kupanga kutokea mwisho. Walima ni sunna, na Mtume (s.a.w.) alimwelekeza Abdulrahman bin Auf aifanye japo kwa mbuzi mmoja. Pamba kwa kilichomo mkononi, si kwa ahadi za michango. Wageni wakiondoka, mlipe mpishi jasho lake halijakauka, rudisha masufuria na mikeka ya watu, fuatilia cheti cha ndoa. Mahari iliyobaki iandikwe. Hiyo ni haki ya mke, si zawadi.

Mpambaji nilimlipa, nikamwomba radhi palepale mlangoni, mbele ya watu walewale.

Allah azibariki ndoa zetu. Amin.