Kisomo cha Alasiri Ukerewe

Mjukuu wangu, mwaka 1971 nilikuwa kijana wa darasa la saba niliyekosa nafasi ya sekondari, ninashinda mwaloni Nansio nikiangalia meli zikija na kuondoka. Siku moja katibu wa tawi la chama cha TANU aliniita akanieleza kwamba tangu leo mimi ni mwalimu. Mwalimu Nyerere alikuwa ametaja wilaya chache za kutangulia kufuta ujinga, Mafia na Masasi zikiwamo, na kisiwa chetu nacho kilikuwamo. Posho ilikuwa shilingi 30 kwa mwezi, na usidhani ilifika kila mwezi. Nikakabidhiwa ubao, chaki, na vitabu vya ukulima wa pamba, kwa kuwa kile kiliitwa kisomo chenye manufaa: mtu ajifunze herufi na palizi kwa mkupuo mmoja.

Tulisomea chini ya mwembe kuanzia saa kumi, na mvua ikinyesha tukahamia ghala la pamba. Nikifumba macho hivi sasa naisikia harufu ya lile ghala: pamba mbichi, magunia, mafuta ya taa yaliyomwagikia sakafuni, na furu wa kukausha ambao kina mama walikuja nao vikapuni ili wakitoka darasani wapitilize gulioni. Wanafunzi wangu walikuwa na umri wa wazazi wangu na zaidi. Penseli waliishika kama mpini wa jembe, wakaikandamiza mpaka karatasi inatoboka, na daftari lenyewe mtu amelinunua kwa senti alizozitoa kwenye chumvi. Kulikuwa na mvuvi mmoja, mtu wa miraba minne, aliyekuwa akitokwa jasho usoni kila nilipomwita ubaoni, ilhali usiku yuleyule aliingia ziwani kwenye mawimbi bila wasiwasi wowote.

Msimu wa kuchuma pamba ulipofika darasa likapukutika. Wakabaki wachache, kisha wachache wao, na posho nayo ikapotelea huko inakopotelea. Nikaanza kuulizia nauli ya Mwanza, maana rafiki zangu walisema viwandani wanachukua watu. Bibi mmoja mjane, muuza furu, alizipata habari hizo sijui kwa nani. Alikaa mpaka wenzake wakaondoka, akajifunga upya kanga yake, akaniambia: “Mwanangu, jana ile herufi ilinishinda mara tatu, na mara zote tatu hukukunja uso. Marehemu mume wangu alijaribu kunifundisha kuhesabu, akaishia kunizaba makofi. Wewe endelea vivyo hivyo. Pamba ikiisha nitawaleta mwenyewe.” Akajitwika kikapu chake akaenda zake. Nauli ya Mwanza sikuiulizia tena, na pamba ilipokwisha aliwaleta kweli, baadhi yao kwa kuwatishia.

Usifikiri tulikosa watu wa kututia moyo. Redio ilituimbia, na mwaka 1973 ikaja ile kampeni ya Mtu ni Afya, vikundi vikakaa kuizunguka redio moja kijiji kizima. Wageni wa wilayani walikuja na Land Rover, wakapanda kwenye kiti wakatuambia tuendelee na moyo huohuo, na kabla vumbi la gari halijatua tulikuwa tumeshasahau walichosema. Wageni wale hawakujua hata kama mimi nafundisha au nasoma. Yule bibi muuza furu alikuwa ameniangalia mikono na uso siku nzima, akaniambia alichokiona, basi.

Kisiwani humohumo aliishi mzee Aniceti Kitereza, ambaye siku hizi mnamsoma vyuoni. Enzi zile sisi vijana tulimjua tu kama mzee wa misheni mwenye maradhi ya viungo. Kumbe alikuwa amemaliza kuandika riwaya yake ya Myombekere na Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945, akichochewa na padri mmoja wa Kanada, Almas Simard, na mswada ukakaa miaka na miaka bila mchapaji. Baadaye wakaja watafiti wawili wa Kimarekani, Gerald na Charlotte Hartwig, wakamhimiza aitafsiri kwa Kiswahili, naye mzee akaketi na vidole vile vinavyouma akaifanya kazi upya. Kitabu kilitolewa na wachapishaji wa Dar es Salaam mwaka 1980, naye akafariki mwaka 1981 kabla hajakishika mkononi. Watu husimulia habari hii kwa huzuni. Mimi nikiisikia hujiuliza padri yule alimwambia maneno gani hasa, hata yakamfaa mtu kwa zaidi ya miaka 30.

Agosti 1975 ukafanyika mtihani wa taifa. Mvuvi wangu alifaulu vizuri kuliko wote, jasho likimtiririka. Bibi aliishia hatua ya pili, akakasirika kweli, akadai arudie. Miaka kadhaa baadaye nilimkuta kwenye mizani ya pamba, ameegemea meza ya karani kijana aliyekuwa mgeni kazini na mkono unamtetemeka, anamfuatisha tarakimu moja baada ya nyingine kwa kidole. “Hapo pako sawa,” alimwambia. “Na ile sita umeiandika vizuri kuliko ya jana. Ila kilo zangu mbili umezisahau, mwanangu, ziongeze.”