Mkebe wa Mama

Nilipokuwa mwaka wa pili chuoni, mwalimu wetu wa isimu alitupa kazi ya likizo: kila mmoja arudi kwao akakusanye msamiati wa kazi anayoijua tangu utotoni. Wenzangu wa pwani walichagua uvuvi na uashi. Mimi ni mzaliwa wa Busia, upande wa Kenya, na mama yangu ni mwuza nafaka. Nikachagua vipimo, nikidhani nimejichagulia kazi nyepesi.

Asiyeijua Busia afahamu kwamba ni miji miwili yenye jina moja, mmoja Kenya na mwingine Uganda, na mpaka umepita katikati. Mahindi na maharagwe huvuka kwa malori, lakini pia huvuka kwa baiskeli, kwa mikokoteni na kwa vichwa vya akina mama. Mahindi ya mama yalitoka Tororo, kwa mwanamke tuliyezoea kumwita Mama Tororo. Walianza biashara nikiwa darasa la tatu. Waliitana dada, na mmoja akifiwa mwingine alivuka mpaka kwenda matanga.

Nilipofika nyumbani mwezi wa Agosti nilikuta hawasemezani.

Kisa kilikuwa gunia. Mama Tororo aliuza kwa kuhesabu gorogoro, yaani ule mkebe wa mafuta ya kupikia ambao huku kwetu umekuwa kipimo cha kila kitu. Gorogoro moja yenye kilele ilihesabiwa kuwa kilo mbili, kwa hiyo gorogoro hamsini zilikuwa gunia la kilo 100. Mama aliponunua mizani ya kuning'iniza, akapima gunia moja akapata kilo 92. Akapima la pili, yale yale. "Miaka yote hii dada yangu ananiibia," aliniambia, na sauti yake haikuwa ya hasira bali ya mtu aliyefiwa. Mama Tororo naye alituma ujumbe kwamba mizani ya mama ndiyo mwizi.

Nikaona kazi yangu ya chuo imepata maana. Niliazima mizani ya mama, nikapanda matatu hadi Malaba, nikavuka na kuendelea hadi Tororo. Mama Tororo alinipokea kwa chai na ukimya. Nilimwambia, "Mama, sikuja kuhukumu. Nimekuja kujifunza majina ya vipimo." Akacheka kidogo, akanipa mkebe wake.

Niliujaza maji hadi ukingoni, nikaupima, nikatoa uzani wa mkebe mtupu. Maji ni shahidi mwaminifu, kwa kuwa lita moja ina uzani wa kilo moja. Mkebe ulichukua lita 2.3. Haukubonyezwa, haukukatwa. Kisha nikaujaza mahindi na kuyafuta kwa kijiti, kipimo ambacho Kiswahili cha zamani kinakiita cha mfuto. Nikapata kilo 1.6. Kilele kiliongeza gramu 240, jumla kilo 1.84. Zidisha mara hamsini: kilo 92 kamili. Mizani ya mama haikudanganya, na mkono wa Mama Tororo haukuiba. Kilichodanganya ni ule msemo kwamba gorogoro ni kilo mbili.

Nikajaribu nafaka nyingine. Maharagwe ya mfuto yalifika kilo 1.8. Unga wa mahindi uliomiminwa polepole ulikuwa kilo 1.27, lakini nilipougongagonga mkebe chini unga ukashuka, nikaongeza hadi ukafika zaidi ya kilo moja na nusu. Mkebe ni ule ule, unga ni ule ule. Kilichobadilika ni hewa iliyokaa katikati ya chembe. Mahindi ya Mama Tororo yalikuwa yametoka shambani karibuni. Punje yenye maji huvimba na haijipangi vizuri mkebeni, kwa hiyo mkebe wa mahindi mabichi huwa na kilo chache kuliko wa mahindi makavu. Kiwango cha Afrika Mashariki kinataka unyevu usizidi asilimia 13.5, na yale, ukiyatafuna, yalikuwa bado laini.

Ndipo nilipomkumbuka babu, aliyekuwa na hadithi za wawindaji wa gobori, bunduki ya kushindiliwa baruti kwa mdomoni. Silaha hizo na baruti zake zilifika pande hizi katika karne ya 19 pamoja na misafara ya Waswahili iliyopitia kwa Mumia kuelekea Uganda. Babu alisema mwindaji alikuwa na kipimo chake cha pembe, na pembe moja ilitosha risasi moja. Lakini kipimo hicho kilikuwa cha baruti nyeusi. Baruti isiyo na moshi, iliyovumbuliwa Ufaransa mwaka 1884, ina nguvu nyingi mno kwa uzani ule ule. Anayeijaza kwa pembe ya baruti nyeusi hupasua mtutu usoni pake. "Pembe haijui imetiwa nini," babu alikuwa akisema. Nilipokuwa mtoto niliichukulia kuwa hadithi ya kutisha tu. Pale Tororo niliiona kuwa somo la vipimo.

Wazee wetu walilijua hilo katika lugha. Kibaba na pishi, vibaba vinne kwa pishi moja, vilikuwa vipimo vya ujazo. Ratili na frasila, ambayo ni karibu kilo 16, vilikuwa vya uzani. Tunapoimba kwamba haba na haba hujaza kibaba, tunasema kujaza, hatusemi kulemea. Sisi wa mikebe na kilo ndio tuliochanganya mambo mawili katika neno moja.

Nilirudi Busia nikiwa na furaha ya mpatanishi. Jioni ile, ili daftari langu likamilike, nikaupima pia mkebe wa mama wa kuuzia. Nje ulifanana na ule wa Tororo. Maji yalifika lita 2.12.

Nikarudia mara tatu. Kisha nikaugeuza. Kitako kilikuwa kimesukumwa ndani, taratibu, kwa kitu butu, kikapata tumbo ambalo mnunuzi aliyesimama mbele ya kibanda hawezi kuliona. Kwa mahindi makavu, tumbo lile lilikula gramu 130. Kwa kila gunia la kilo 90 linalouzwa kwa mfuto, mama alibaki na mikebe minne ya ziada.

Nilimweleza kwanza habari za Tororo. Alisikiliza, akafuta macho, akasema atampigia dada yake simu. Kisha nikauweka mkebe juu ya meza, kitako kikiangalia juu. Hakuuliza nilichokuwa nakitafuta.

"Karo yako," alisema baada ya muda, "ulidhani inatoka wapi?"

Sikuwa na jibu, na sina hadi leo. Alinieleza kwamba safu nzima ya vibanda ina mikebe kama ule. Akitumia ulionyooka lazima apandishe bei, na mteja hulinganisha bei, halinganishi vitako. Hilo ni kweli. Lakini ni kweli pia kwamba mteja wake ni mama mwingine mwenye shilingi chache, anayenunua gorogoro moja kwa sababu hawezi kununua gunia. Aliyenunua gunia alikuwa mama, na aliponunua alitaka mizani.

Yeye na Mama Tororo walipatana wiki ile ile. Sasa kila gunia hupimwa kwa mizani moja, wote wawili wakitazama, na bei ni kwa kilo. Mahindi yakiwa na unyevu wanaelewana kwanza yaanikwe. Niliwasikia wakicheka kwenye simu, nikajivunia.

Kazi yangu ya msamiati ilipata alama nzuri. Niliandika gorogoro, debe, mfuto, kilele. Sikuandika jina la kitako kilichosukumwa ndani, ingawa wauzaji wanalo jina lake.

Siku ya kuondoka niliamka mapema nikasikia nyundo nyuma ya nyumba. Nilipopita kibandani kuaga, mkebe ulikuwa juu ya gunia, kitako kimenyooka, kikiwa na alama za nyundo. Mama alikuwa akimpimia mteja wa kwanza. Nilitazama mkono wake ukisawazisha mahindi kwa kijiti, taratibu, karibu sana na ukingo.

Mizani ilikuwa pale kando. Sikuigusa.