Ng'ombe Wawili na Ada ya Wakili

Nasikia wengi wakinung'unika juu ya mawakili. Hata mimi nilinung'unika, tena kwa sauti kubwa, mpaka kilabuni.

Mwaka 2018 jirani yetu alivuka mpaka, akapanda mihogo ndani ya shamba aliloniachia marehemu baba. Maneno ya wazee hayakufaa kitu, shauri likafika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mke wangu akaniambia, "Baba Yosefu, kabla hujauza kitu, muulize huyo wakili bei yake." Nikamjibu kwamba mtu mkubwa kama yule haulizwi bei kama muuza dagaa. Nikauza ng'ombe, nikampelekea shilingi laki sita. Akaandika stakabadhi, nami nikarudi nyumbani moyo mweupe, nikidhani nimelipa kesi nzima.

Kumbe zile zilikuwa za kusoma hati zangu na kuandika madai tu! Siku ya kusikilizwa nikadaiwa nauli yake na malipo ya siku ile. Shauri likaahirishwa. Mara ya pili likaahirishwa tena, nikadaiwa tena. Ng'ombe wa pili akaenda, na ada ya shule ya Yosefu ikakosekana. Muhula mzima mtoto alikaa nyumbani, na hata ng'ombe wa kuchunga hakuwapo.

Basi nikaenda ofisini kwa hasira. Wakili akanikalisha, akachukua karatasi, akapiga mstari katikati. Upande mmoja akaandika ada yake mwenyewe. Upande wa pili akaandika fedha zinazopita tu mkononi mwake: ada ya kufungulia shauri, nakala za hati, nauli za mashahidi. Akanieleza kwamba wakili aweza kupatana nawe kwa kazi nzima, au kwa kila hatua, au kwa kila siku anayokwenda barazani. Wako pia wanaohesabu saa. Shauri likiahirishwa, siku yake imekwisha vilevile kama yangu. Rufani ni kazi nyingine, na malipo yake ni mengine. Tena anauza kazi, hauzi ushindi. Ukishindwa, ada hairudi. Akanionyesha na Amri ya Malipo ya Mawakili ya mwaka 2015, yenye viwango vya kazi mbalimbali.

"Mbona hukuniambia?" nikamwuliza.

"Mbona hukuniuliza?"

Mimi naona tulikosa sote wawili, ila yeye zaidi, maana ndiye aliyejua.

Mwaka 2020 tulishinda, na jirani akaamriwa kulipa gharama. Nikafurahi, nikaona ng'ombe wangu wawili wanarudi zizini. Lakini gharama hizo hazilipwi kwa kutaja tu. Huandikwa orodha, nayo hukaguliwa neno kwa neno. Nauli nilizotoa bila stakabadhi zikakatwa. Ada ya wakili nayo ikapunguzwa. Nilichopata kilitosha ng'ombe mmoja, naye mdogo.

Baadaye ndipo nilipojua kwamba iko Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, kwa ajili ya mtu asiye na uwezo wa kulipa. Wako pia wasaidizi wa kisheria. Hawa hawasimami barazani badala ya wakili, lakini hukueleza njia na kukusaidia kuandika. Laiti ningalianzia kwao.

Mwezi uliopita shemeji yangu alipata shauri la mirathi, nikamsindikiza kwa wakili mwingine mjini. Alipoanza kufungua fundo la fedha, nikamshika mkono. Nikauliza: ni kiasi gani, ni cha kazi ipi mpaka wapi, likiahirishwa je, na je, tutaandikiana? Wakili akacheka, akavuta karatasi. Shemeji aliona aibu kubwa, akanikanyaga mguu chini ya meza.