Dirisha la Alt+F11

Makro za ofisini zilikuwepo kabla ya kupata kihariri chao. Katika Lotus 1-2-3, programu iliyotoka mwaka 1983 na kutawala meza za wahasibu kwa miaka mingi, makro iliandikwa ndani ya seli za lahajedwali lenyewe. Ulikuwa mfuatano wa vibonye vilevile ambavyo mtu angevibonyeza kwa mkono, ukapewa jina la mkwaju wa nyuma na herufi moja, kisha ukaitwa kwa Alt na herufi hiyo. Kosa likitokea, pa kulitafuta palikuwa palepale kwenye seli. Mtu akiingiza mstari mpya kwenye jedwali bila kukumbuka kwamba makro imekaa upande wa kulia, seli tupu iliangukia katikati ya amri, na kwa Lotus seli tupu maana yake ni mwisho. Kazi ilikoma nusu bila ujumbe wowote.

Excel nayo ilianzia humohumo. Hadi toleo la 4, la mwaka 1992, makro zake zilikaa kwenye shiti maalumu, amri moja kwa kila seli, zikisomwa kutoka juu kwenda chini kama fomyula. Toleo la 5, mwaka 1993, lilileta lugha ya VBA, lakini moduli bado zilionekana kama shiti miongoni mwa shiti nyingine. Office 97 ndiyo iliyouhamishia msimbo wote kwenye dirisha la peke yake, linalofunguliwa kwa Alt+F11: orodha ya miradi upande wa kushoto, sifa chini yake, uwanja wa kuandikia katikati, na kidirisha cha Immediate cha kujaribia amri mojamoja. Word, iliyokuwa na lugha yake ya WordBasic, ikaingizwa kwenye dirisha hilohilo.

Aliyelizoea dirisha hilo mwaka 1997 akilifungua leo hapotei. Menyu ni zilezile, maneno ya lugha bado yana rangi ya bluu, maelezo ya pembeni kijani, mstari wenye kosa mwekundu, na mstari uliosimamishwa una mandhari ya njano. Kilichobadilika ni mazingira yake: Windows, upana wa kichakataji, skrini, sheria za usalama, njia ambazo faili hupitia kutoka meza hadi meza. Kero nyingi za kihariri hiki huzuka pale vitu hivyo vinapokigusa.

Chache ni za kuzaliwa nazo. Ya kwanza kumkera mgeni ni Auto Syntax Check. Mtu yuko katikati ya mstari, anataka kwenda juu kunakili jina la kigezo, na mara kisanduku kinaruka kumwambia kwamba mstari haujakamilika, jambo ambalo yeye analijua kuliko mtu yeyote. Dawa yake iko kwenye menyu ya Tools, kisha Options, kuondoa tiki ya kwanza kabisa. Mstari mbovu utaendelea kugeuka mwekundu, ila kisanduku kitanyamaza. Tiki ya pili, Require Variable Declaration, kinyume chake inafaa kuwekwa siku ya kwanza. Bila hiyo, jina lililokosewa herufi moja huwa kigezo kipya kitupu, na jumla ya mishahara hutoka sifuri bila kosa lolote kuripotiwa. Ni ajabu kwamba Microsoft iliwasha ile ya kwanza na kuizima ya pili.

Kero ya pili ni ya madirisha yanayohama. Orodha ya miradi ikivutwa kwa bahati mbaya hung'oka ukingoni na kuelea juu ya msimbo, na kuirudisha kwa kipanya kunaweza kumtoa mtu jasho. Kubofya mara mbili kwenye kichwa chake hutosha mara nyingi. Ikishindikana, Excel hufungwa, kisha kwenye sajili ya Windows hufutwa thamani iitwayo Dock, iliyo ndani ya HKEY_CURRENT_USER\Software\Microsoft\VBA\7.1\Common, na kihariri kikifunguliwa tena hujipanga upya kama siku kilipowekwa. Wa jamii hiyohiyo ni mkasa wa projekta: kihariri kilikuwa kimefunguliwa kwenye skrini ya pili, waya ukachomolewa baada ya mkutano, na kuanzia hapo Alt+F11 inaonekana kana kwamba haifanyi kitu. Dirisha limefunguka, ila liko nje ya skrini. Alt na nafasi, kisha herufi M, kisha kitufe chochote cha mshale, na kipanya kinalivuta nyumbani.

Kuna pia kusimama kwa mzuka. Makro iliyokuwa ikienda vizuri hukatika ghafla kwa ujumbe kwamba utekelezaji umekatizwa, ingawa hakuna aliyegusa kibodi, na kila ikiendeshwa hukatika kwenye mstari uleule. Kufuta alama za kusimamia hakusaidii, kuwasha upya kompyuta wakati mwingine hakusaidii. Linalosaidia halina mantiki ya kuonekana: kubofya Debug kwenye ujumbe huo, kubonyeza Ctrl na Break mara mbili, kisha F5 ili kazi iendelee. Tiba hiyo ilipitishwa kwa mdomo ofisini miaka mingi, na imekuwa ngumu zaidi tangu laptopu nyingi zilipoacha kuwa na kitufe cha Break. Watu hulazimika kufungua kibodi ya kwenye skrini kwa ajili ya kitufe kimoja tu.

Waandishi wa makro wanaotumia Kiswahili wana tatizo lao dogo, nalo ni ritifaa. Kwenye VBA alama hiyo huanzisha maelezo ya pembeni, yaani kila kinachoifuata mstarini hupuuzwa. Anayetengeneza faili ya mifugo na kuandika Dim Ng'ombe As Long haonyeshwi kosa. Kihariri kinatangaza kigezo kiitwacho Ng, kisicho na aina, na ombe As Long inageuka kijani. Malalamiko huja baadaye, pale Ng'ombe inapopewa idadi, na ujumbe wake haugusii ritifaa hata kidogo. Shiti yenye jina hilo huruhusiwa, lakini fomyula inayoitaja lazima irudie ritifaa mara mbili, 'Ng''ombe'!A1, na makro inayojenga fomyula hiyo isipofanya hivyo hukwama. Msimbo ulionakiliwa kutoka Word huja na balaa jingine: Word hugeuza alama za kunukuu zilizonyooka kuwa za kujipinda, na kihariri hakizitambui hizo. Mstari mzima huwa mwekundu huku kwa macho ukionekana sahihi.

Hitilafu iliyokula saa nyingi kuliko zote ni ya marejeo ya maktaba, na inahitaji kuelezwa taratibu. Chukua faili ya mishahara iliyojengwa ili itume hati ya kila mfanyakazi kwa barua pepe. Aliyeitengeneza alifungua Tools, kisha References, akaweka tiki kwenye maktaba ya Outlook, na tangu hapo faili ikabeba jina na toleo la maktaba hiyo. Faili ikipelekwa kwenye kompyuta yenye Office mpya zaidi, rejeo hujipandisha lenyewe kimyakimya. Mtu akihifadhi huko na kuirudisha faili kwenye flashi hadi kwenye kompyuta ya zamani, rejeo halishuki. Makro inakataa kwa ujumbe kwamba mradi au maktaba haipatikani, na hapa ndipo hila ilipo: kihariri hakionyeshi mstari wa Outlook. Huangazia neno la kawaida kabisa, Left au Trim au Date, amri zisizo na kosa lolote. Mtu hukesha akiichunguza Left.

Anayeijua njia haangalii mstari ulioangaziwa. Hubofya kwanza Reset, kwa sababu References hufifia na kukataa kubofywa wakati msimbo umesimama njiani, kisha hufungua orodha na kutafuta mstari unaoanza kwa neno MISSING. Akiondoa tiki hiyo, Left hupona papo hapo. Kinga ya kudumu ni kuacha rejeo kabisa: kigezo hutangazwa kwa Dim barua As Object, na Outlook huitwa kwa Set barua = CreateObject("Outlook.Application"), ili kila kompyuta itafute toleo ililonalo. Gharama yake ni kwamba kihariri hakikamilishi tena maneno ya Outlook wakati wa kuandika, na majina ya thamani zake hayajulikani. OlMailItem sharti iandikwe 0.

Ukuaji wa faili wenyewe ulivunja makro nyingi. Hadi Excel 2003 shiti ilikuwa na mistari 65,536, na mazoea ya wengi yalikuwa kuhesabu mistari kwa kigezo cha aina ya Integer, ambacho hufika 32,767 tu. Data za ofisi nyingi hazikufika huko. Excel 2007 ilipopanua shiti hadi mistari 1,048,576, watu wakaanza kumimina rekodi za miaka yote mahali pamoja, na kosa namba 6, Overflow, likawa la kila wiki. Long badala ya Integer lilitosha kulimaliza. Office 2010 ikaleta VBA 7 na toleo la biti 64. Mistari ya Declare iliyoita kazi za Windows ikageuka myekundu yote hadi iongezwe neno PtrSafe, na anwani za kumbukumbu zihamishiwe kwenye LongPtr. Gurudumu la kipanya, ambalo kwa miaka mingi lilisogeza kila dirisha la kompyuta isipokuwa la kihariri, nalo lilikuja kutulizwa. Wenye Mac walikuwa na hali mbaya zaidi: Office 2008 yao ilitoka bila VBA kabisa, ikarudishwa mwaka 2011.

Usalama una historia yake. Kirusi cha Concept kilienea kwa makro za Word mwaka 1995, na Melissa, Machi 1999, kilijituma chenyewe kupitia Outlook hadi seva za barua pepe zikaelemewa. Kila baada ya tukio mlango uliongezwa komeo. Office 2007 ilitenganisha xlsx na xlsm, na tangu hapo makro zimepotea kwa sababu mtu alihifadhi kama xlsx na kubofya Yes kwenye onyo ambalo hakulisoma. Mwaka 2022 Microsoft iliamua kuzuia makro za faili zilizotoka kwenye intaneti, ikasitisha uamuzi huo Julai, na kuurudisha mwezi huohuo. Badala ya kitufe cha kukubali, unatokea utepe mwekundu usio na pa kukubalia. Faili inayoaminika hufunguliwa kwa kubofya kitufe cha kulia cha kipanya juu yake, kwenda Properties, na kuweka tiki ya Unblock. Alama ya kuzuia huhifadhiwa pembeni ya faili kwenye diski ya mfumo wa NTFS, na flashi nyingi zina FAT32 au exFAT isiyoweza kuibeba. Ndiyo maana faili ileile iliyofika kwa barua pepe hukataa, na iliyoletwa na mtu mfukoni kwenye flashi hufunguka.

Wakati mwingine mkosaji ni sasisho. Desemba 2014, baada ya masasisho ya kila mwezi, vitufe vya ActiveX kwenye shiti viliacha kuitika na kipya hakikuweza kuwekwa. Faili za muda zenye kiambishi .exd, kama MSForms.exd, zilikuwa hazilingani tena na maktaba mpya. Kuzifuta na kufungua Excel upya kulimaliza jambo. Agosti 2019 sasisho la Windows lenyewe liliharibu programu za VB6, makro za VBA na VBScript kwa pamoja, zikitoa ujumbe wa mwito batili wa utaratibu. Hapo dawa ilikuwa sasisho jingine, lililotoka siku chache baadaye.

Tarehe nazo zimesumbua ofisi za Afrika Mashariki, ambako siku hutangulia mwezi. Taarifa ya benki ya CSV ikifunguliwa kwa mkono husomwa kwa mpangilio wa kompyuta. Ikifunguliwa na makro husomwa Kimarekani. Tarehe 3/4 huwa Machi 4, huku 25/4 ikibaki maandishi tu, kwa hiyo nusu ya safu hugeuka na nusu haigeuki. Kuongeza Local:=True kwenye amri ya kufungulia kunatosha.

Mradi uliohaririwa miaka mingi huweza pia kuchakaa kwa ndani. Faili hutunza maandishi ya msimbo pamoja na umbo lake lililokwisha kutafsiriwa kwa mashine, na mawili hayo yakipishana, faili huvimba au makro hufanya mambo yasiyoandikwa popote. Desturi ya mafundi ni kuzitoa moduli zote kama faili za .bas, kuzifuta, na kuziingiza upya. Rob Bovey alitengeneza programu ya bure, Code Cleaner, iliyofanya hivyo kwa kubofya mara moja, na Access ina swichi ya /decompile kwa kazi inayofanana.

Excel ya kwenye kivinjari haiendeshi VBA. Huko kuna Office Scripts, zinazoandikwa kwa TypeScript, na kihariri kingine kabisa. Kwenye kompyuta za mezani VBA ingalipo, lakini Oktoba 2023 Microsoft ilitangaza kuiondoa VBScript hatua kwa hatua kwenye Windows. Makro nyingi za kuchambua maandishi hutegemea maktaba yake, Microsoft VBScript Regular Expressions 5.5, na nyingine huiita kwa CreateObject bila jina lake kuonekana kwenye References. Mwenye faili za zamani hutumia Ctrl na F ndani ya kihariri, huchagua kutafuta katika mradi mzima, na huandika VBScript.