Mashine Kuukuu Yarudi Ziwani

Ninyi mnaokaa kando ya Nyanza, au Tanganyika, au Nyasa, mnaijua sauti ya mashine ya kupachika nyuma ya mtumbwi. Alfajiri wavuvi wanaporudi husikika kabla hawajaonekana. Lakini je, umepata kujiuliza ni nani aliyewaza kwanza kuitundika injini nje ya chombo, badala ya kuiweka ndani? Nami sikujua, mpaka nilipofika Wisconsin, jimbo moja la kaskazini ya Marekani, katika ujumbe mdogo wa parokia yetu ulioalikwa na parokia rafiki ya huko. Fuatana nami nikueleze niliyoyaona.

Wisconsin ni nchi ya maji. Wenyewe huhesabu maziwa yapatayo 15,000, makubwa na madogo, na upande wa mashariki liko Ziwa Michigan, ambalo ukisimama ufukweni huoni ng'ambo yake, kama vile Nyanza yetu. Mji mkubwa ni Milwaukee. Wajerumani na Wapolandi waliohamia huko walijenga makanisa ya kushangaza. Kanisa la Mtakatifu Yosafati lililojengwa na Wapolandi, watu wa viwandani wenye mishahara midogo, lilimalizika mwaka 1901, na mawe yake mengi yalitoka katika jengo la posta la Chicago lililobomolewa. Waliyanunua, wakayaleta kwa treni, wakajenga upya. Nilisimama chini ya kuba lile, nikafikiri habari ya kigango chetu kimoja kinachongoja mabati mwaka wa nne sasa.

Basi katika mji huo wa Milwaukee aliishi fundi mmoja, Ole Evinrude, aliyezaliwa Norwe mwaka 1877 na kuletwa Wisconsin na wazazi wake angali mtoto. Husimuliwa kwamba siku moja ya joto kali, mwaka 1906, alikwenda ziwani pamoja na mchumba wake, Bess. Bess akatamani aiskrimu. Ole akapiga makasia kwenda ng'ambo kuinunua, akapiga makasia kurudi, na aliporudi aiskrimu ilikuwa imeyeyuka. Mwaka uliofuata akaunda mashine yake ya kwanza, na mwaka 1909 wakaanza kuziuza, Bess akishika hesabu na kuandika matangazo ya kuwaambia watu watupe makasia. Ilikuwa na nguvu ya farasi mmoja na nusu, na uzito wa kilo 28 hivi. Sisemi yeye ndiye wa kwanza kabisa, maana Cameron Waterman wa Detroit alimtangulia kidogo. Ila ya Ole ndiyo iliyoenea. Jina la Evinrude likadumu mpaka mwaka 2020, kampuni iliyokuwa nalo wakati huo ilipoacha kuzitengeneza.

Ukitoka Milwaukee kwenda kaskazini, karibu maili 20, unafika Cedarburg, mji mdogo wa nyumba za mawe kando ya kijito. Hapo mwaka 1939 Carl Kiekhaefer alinunua kiwanda kilichokuwa kimeshindwa. Humo alikuta mashine za boti mia tatu hivi, ambazo duka kubwa lililoziagiza lilizirudisha kwa ubovu. Mwingine angeziuza kama vyuma chakavu. Yeye alizifungua moja moja, akazitengeneza, na duka lile lile likazichukua na kutaka nyingine. Toka hapo zikatoka mashine ziitwazo Mercury, ambazo mpaka leo makao yake ni Fond du Lac, kaskazini zaidi, penye ncha ya kusini ya Ziwa Winnebago. Jina hilo la Kifaransa maana yake ni mwisho wa ziwa. Katika maji ya Winnebago alipita Padre Jacques Marquette, Mjesuiti, mwaka 1673, kwa mtumbwi wa magome ya mti, pamoja na Louis Jolliet, wakiutafuta mto Mississippi.

Karibu na hapo ndipo nilipokaribishwa nyumbani kwa mzee mmoja wa miaka 78, Mkatoliki mwema, aliyefanya kazi ya ufundi maisha yake yote. Katika banda lake palikuwa na mashine moja ya Mercury ya miaka ya 1950, aina ya Mark 20H, iliyotengenezwa kwa ajili ya mashindano. Herufi ile H ndiyo ya mwendo kasi. Ina silinda mbili tu, wala si kubwa kuliko ndoo, lakini usiidharau! Mzee alitaka mjukuu wake, msichana wa miaka 19, aendeshe nayo Jumapili iliyofuata katika mashindano ya boti za kale.

Msomaji, usifikiri mashine iliyolala miaka hufunguliwa mafuta na kuvutwa kamba. Kwanza mzee alikuwa ametoa plagi, akatia mafuta mepesi ndani ya silinda na kuyaacha siku tatu, ndipo akaizungusha kwa mkono, polepole. Ukilazimisha, ringi za pistoni zilizoshikwa na kutu huvunjika na kukwaruza silinda, na silinda hiyo haipatikani tena dukani. Kisha magneto. Mashine hii haina betri; cheche yake hutoka katika sumaku zinazozungushwa chini ya flaiwili, na waya zilizovikwa kitambaa na lakiri miaka 70 iliyopita huoza na kuvujisha umeme. Akabadili waya, akasafisha platini kwa msasa laini, akapima nafasi yake kwa geji. Tena kabureta. Petroli ya siku hizi huko Marekani hutiwa pombe ya mahindi, na pombe hiyo hula mipira ya zamani na kuyeyusha rangi iliyopakwa boya la kabureta. Kwa hiyo alitafuta petroli isiyo na pombe, akachanganya oili nyingi kuliko mashine za leo zinavyotaka, maana injini hii haina mahali pengine pa kupata ulainisho.

Hapa niseme jambo litakalowafurahisha akina mama wanaopanda mbarika nyuma ya nyumba. Katika aina nyingine za mashindano hayo hawatumii petroli bali methanoli, na methanoli haikubali kuchanganyika na oili ya kawaida ya kuchimbwa ardhini. Hukubali mafuta ya mbarika. Yale yale! Mzee alinifungulia kopo ninuse, na mara nikawa mtoto ninayeshikwa pua nimeze kijiko kwa sababu ya tumbo.

Siku ya Alhamisi ndipo lilipotokea neno. Mzee alikuwa ameifungua injini yote ili akague mikono ya pistoni, ile mafundi wetu waiitayo konrodi. Aliisafisha, akaipaka dawa nyekundu inayopenya, akaifuta, kisha akapuliza unga mweupe juu yake. Dawa iliyoingia katika ufa hutoka tena na kuuchafua unga, na hivyo kasoro isiyoonekana huonekana. Ya kwanza ikabaki nyeupe. Ya pili ikaonyesha mstari mwekundu, mwembamba kama unywele, karibu na jicho lake la chini.

Msichana aliitazama akasema ufa ni mdogo, na mbio ni mizunguko mitatu tu. Mzee hakugombeza. Alichukua chaki akaandika ukutani: mashine hugeuka mara 6,000 kwa dakika, maana yake mara 100 kwa sekunde, mara 100 katika kila sekunde konrodi ile husukumwa na kuvutwa. Ikikatika hupasua ukuta wa injini, krenki hushikwa, boti husimama ghafula, na aliyepiga magoti ndani yake hasimami nayo. Nasema kupiga magoti, maana ndivyo waendeshavyo vyombo hivyo. Bibi yake, aliyekuwa mlangoni, alisikia yote. Akaondoka bila kusema, nami nikaona rozari mkononi mwake.

Basi mzee akafunika kila kitu kwa shuka. Mashindano yamekwisha kwetu, alisema. Msichana alilia, naye si wa kulia ovyo. Miezi minane alikuwa akimshikia babu yake spana kila jioni.

Lakini habari ilisambaa, maana watu hawa wanajuana. Ijumaa usiku likaja gari kutoka Illinois, mwendo wa saa tatu. Aliyeshuka ni mwanamume ambaye Jumapili angeshindana na msichana yule yule katika daraja lile lile. Alitoa mfukoni konrodi iliyofungwa kwa kitambaa cha mafuta, akiba yake ya pekee. Wakaipima dawa nyekundu, ikabaki nyeupe. Hakukubali fedha. Akanywa kahawa, akala mkate, akarudi kwao usiku ule ule.

Jumamosi kutwa tuliijenga. Katika jicho la konrodi hukaa vijiti vya chuma vyembamba kama sindano, navyo haviko katika fremu. Huvipanga kimoja kimoja kwa kuvigandisha na grisi, na kikianguka kimoja ndani ya injini kazi yote ni bure. Mzee alivihesabu kwa sauti, msichana akahesabu baada yake, kisha nikaambiwa nami nihesabu. Saa kumi na moja jioni tukanawa mikono kwa sabuni ya unga, tukaenda Misa ya jioni ya Dominika, kwa kuwa kesho yake tungetoka mapema.

Sasa nikueleze chombo chenyewe. Kimejengwa kwa mbao nyembamba, urefu wa futi 10 hivi, bapa kama kiatu kipana. Mbele kina mabega mawili, na kikishika mwendo huinuka, hewa ikapita chini yake, hata kikabaki kugusa maji mahali patatu tu: mabega mawili na rafadha nyuma. Hivi ndivyo injini ndogo ya silinda mbili inavyoweza kukikimbiza zaidi ya kilometa 90 kwa saa. Urefu wa kuifunga mashine hupimwa kwa robo ya inchi. Ikishuka mno, mguu wake huburuta maji. Ikipanda mno, rafadha huchapa hewa na injini hupiga kelele bila kwenda. Na pua ya boti ikiinuka kupita kiasi, upepo huipindua kinyumenyume. Ndiyo sababu mwendeshaji huvaa kofia ngumu ya rangi kali, na koti la kuelea, na kifundo chake cha mkono kimefungwa kamba inayozima mashine akirushwa nje. Kishikio cha mafuta hukibana kwa mkono. Akikiachia, hurudi chenyewe.

Mashine hii haina gia ya kupumzika: ikiwaka, inakwenda. Kwa hiyo wawili wetu tuliingia majini mpaka mapajani, tukainyanyua nyuma ya boti, msichana akavuta kamba, ikawaka kwa mlio uliotoboa masikio, tukaisukuma, akaondoka.

Wala hawaanzi wakiwa wamesimama. Huzunguka zunguka wakitazama saa kubwa iliyowekwa ufukweni, na mkono wa saa unapofika juu ndipo ruhusa kuvuka mstari. Anayetangulia hata kwa pua ya boti ameharibu mbio. Ni vigumu kuliko kukimbia kwenyewe. Mshindi wa kwanza hupata alama 400, wa pili 300, wa tatu 225, na mbio hufanywa mara mbili.

Mara ya kwanza msichana alichelewa mstarini, akamaliza wa tatu. Yule wa Illinois alikuwa wa kwanza. Mara ya pili alivuka mstari pamoja na saa, akawa mbele mzunguko mzima, na wa pili mzima, maji yakiruka nyuma yake kama mkia wa jogoo mweupe. Bibi hakutazama, alimtaka mumewe amwambie. Katika kona ya mwisho, yule wa Illinois akapita ndani yake, akamaliza wa kwanza tena kwa urefu wa boti moja. Hesabu basi: yeye 800, msichana 525.

Boti zilipotolewa majini, mzee hakuuliza habari ya alama. Alitoa plagi, akaziangalia. Rangi yake ilikuwa ya kahawia iliyokolea vizuri. Akazungusha flaiwili kwa mkono, akisikiliza. Kisha akamwendea yule bwana kuuliza lini amrudishie konrodi yake. Jibu lilikuwa kwamba aikae nayo mpaka majira ya baridi, wakati maziwa yanapoganda na kila mtu hufungua mashine yake.